Jina la Biashara Yako ni la Nani? Somo la Alama za Biashara kwa Wafanyabiashara wa Maungu na Kaunti Nzima

Maungu, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Voi kuelekea Mombasa, ni mji unaoishi kwa barabara. Madereva wa malori huegesha hapo, hula, hulala, na alfajiri wakiondoka wengi huwa wamebeba kitu cha nyumbani: chupa ya asali, kikapu cha mkonge, debe la matunda. Bidhaa inayouzwa Maungu jioni inaweza kuwa Mombasa, Nairobi au hata Kampala kabla ya wiki kwisha. Jina lililo kwenye kibandiko chake husafiri nayo.

Hapo ndipo swali la somo hili linapoanzia. Mfanyabiashara akiulizwa kama jina hilo ni lake, hujibu bila kusita kuwa ni lake. Akiulizwa ana karatasi gani ya kuthibitisha, hutoa leseni ya biashara ya kaunti. Karatasi hiyo ni muhimu, lakini haijibu swali aliloulizwa.

Mfano wa chupa ya asali

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Maungu anayenunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sagalla na Kasigau, anaichuja, anaipakia kwenye chupa na kuiuza kando ya barabara. Ameipa jina Ndovu Mpole, na kijana wa saiba kule Voi amemchorea ndovu aliyezungukwa na nyuki. Kwa miaka minne ameuza vizuri. Madereva humuulizia kwa jina la asali yake kuliko kwa jina lake mwenyewe.

Mwaka wa tano, mfanyabiashara wa jiji lingine ambaye alikuwa akinunua asali hiyo kwa jumla anaona kuwa jina linauzika. Anatafuta asali ya bei nafuu kwingine, anaandika Ndovu Mpole kwenye chupa zake, kisha anaenda kusajili jina hilo. Miezi kadhaa baadaye mama wa Maungu anapokea barua ya wakili ikimtaka aache kutumia jina alilolibuni yeye mwenyewe.

Mama huyo ni wa mfano tu, na jina la asali yake pia ni la mfano. Lakini njia aliyopotezea jina lake iko wazi kwa yeyote anayeuza bidhaa nzuri yenye jina lisilosajiliwa.

Sheria haimwachi mikono mitupu kabisa. Aliyeanza kutumia jina mapema anaweza kwenda mahakamani na kuonyesha kuwa wateja walilijua jina hilo kuwa lake, na kwamba mwenzake anajipitisha kwa jina la mwingine. Tatizo ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wake: risiti za miaka yote, picha, mashahidi, na gharama ya wakili. Mwenye cheti hutoa karatasi moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na jina la biashara ni mali.

Karatasi zinazochanganywa

Makosa mengi hutokana na kudhani kuwa kila cheti cha serikali kinafanya kazi ileile. Ukweli ni huu:

Leseni ya biashara ya kaunti humruhusu mtu kufanya biashara ya aina fulani mahali fulani kwa muda fulani. Haisemi lolote kuhusu nani mwenye jina lililo kwenye bidhaa.

Cheti cha jina la biashara hutolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) kupitia eCitizen. Kinaonyesha ni nani anayefanya biashara chini ya jina hilo. Benki hukihitaji, na wanaotoa zabuni hukihitaji. Lakini hakimzuii mtu mwingine kuliandika neno hilohilo kwenye bidhaa zake. Hata kusajili kampuni kamili hakutoshi kwa jambo hili.

Alama ya ubora ya KEBS huonyesha kuwa bidhaa imepimwa na kufikia viwango. Inalinda afya na mfuko wa mnunuzi. Haimpi mzalishaji umiliki wa jina.

Msimbo wa mistari unaosomwa na mashine dukani, ambao nchini Kenya hutolewa na GS1 Kenya, ni namba ya kutambua bidhaa. Supamaketi huuhitaji. Nao pia haulindi jina.

Jina linalotokea mteja anapolipa kwa namba ya Till, au ukurasa wa Facebook wenye wafuasi elfu kumi, ni ushahidi mzuri kuwa jina limetumika. Peke yake si umiliki.

Cheti kinachojibu swali la umiliki wa jina kwenye bidhaa au huduma ni kimoja: cheti cha alama ya biashara kinachotolewa na Taasisi ya Kenya ya Miliki ya Viwanda (KIPI). Taasisi hiyo ilianza kazi mwaka 2002 chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001, na usajili wa alama hufanywa kwa kufuata Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inasema wazi kuwa mtu hawezi kumshtaki mwingine kwa kuingilia alama ambayo haikusajiliwa. Kinachobaki kwake ni ile njia ndefu ya kuthibitisha kuwa mwenzake anajipitisha.

Alama ni nini, na jina gani hukubaliwa

Alama ya biashara ni kitu chochote kinachoonekana ambacho humsaidia mnunuzi kutofautisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Inaweza kuwa neno, mchoro, herufi, namba, au vyote kwa pamoja.

Si kila jina hukubaliwa. Jina linaloeleza bidhaa yenyewe, mfano Asali Tamu, haliwezi kuwa la mtu mmoja, kwa sababu kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni tamu. Jina la mahali pekee, mfano Maungu au Taveta, pia ni gumu kusajiliwa, kwa sababu kila mkazi wa hapo ana haki ya kusema bidhaa yake imetoka wapi. Jina linalodanganya hukataliwa, kama vile kuandika jina la asali kwenye sharubati ya sukari. Na jina linalofanana sana na lililokwisha kusajiliwa kwa bidhaa za aina hiyo hukataliwa pia, hata kama tahajia imebadilishwa herufi moja.

Jina lenye nguvu ni lile ambalo halihusiani moja kwa moja na bidhaa. Ndovu Mpole halisemi asali popote, na kwa hiyo lina nafasi nzuri kuliko Asali Safi ya Maungu. Mfanyabiashara anayeanza leo anafaa kulifikiria hili kabla ya kuchapisha vibandiko elfu moja.

Mchoro nao una mtego wake. Picha iliyochukuliwa kutoka intaneti huenda ina mwenyewe. Na kijana aliyelipwa kuchora nembo huenda akaja kudai kuwa mchoro ni kazi yake. Ni vyema kuandikiana karatasi fupi, iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, ikisema nembo imechorwa kwa malipo na haki zake zote zimehamia kwa mwenye biashara.

Madaraja 45

Alama haisajiliwi kwa kila kitu duniani. Husajiliwa kwa bidhaa au huduma maalumu, zilizogawanywa katika madaraja 45 yanayotumika kimataifa: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Kwa wafanyabiashara wa kaunti hii, haya ndiyo yatakayowahusu mara nyingi:

Daraja la 3 ni la sabuni na vipodozi. La 14 ni la vito na mapambo yake. La 25 ni la nguo na viatu. La 29 lina maziwa, mtindi, nyama na mafuta ya kupikia. La 30 lina asali, unga, mkate, chai, kahawa na viungo. La 31 ni la matunda na mboga mbichi, kama ndizi za Taveta. La 32 ni la maji ya chupa na sharubati. La 39 ni la usafiri na utalii wa matembezi. La 43 ni la hoteli, mikahawa na malazi.

Kila daraja hulipiwa. Muuza asali wa Maungu aliye na fedha kidogo aanze na daraja la 30, kisha aongeze mengine biashara ikikua. Asichague daraja kwa kubahatisha: alama iliyosajiliwa kwa nguo haimsaidii mtu anayeuza asali.

Hatua za usajili

Hatua ya kwanza ni upekuzi. Mwombaji hujaza fomu ya TM 27 na kuiomba KIPI iangalie katika daftari lake kama kuna alama inayofanana. Baadhi ya watu huruka hatua hii ili kuokoa ada, kisha hupoteza ada kubwa zaidi ombi lao linapokataliwa.

Hatua ya pili ni ombi lenyewe, kwa fomu ya TM 2. Humo huwekwa jina au mchoro, orodha ya bidhaa, daraja, na jina na anwani ya mwombaji. Mkazi wa Kenya anaweza kujaza mwenyewe bila wakili, ingawa wakili au wakala aliyesajiliwa husaidia pale jambo linapokuwa na utata.

Hatua ya tatu ni uchunguzi. Afisa wa KIPI hupima kama alama inatimiza masharti. Akiona kasoro huandika barua, na mwombaji hupewa muda wa kujibu. Barua hiyo si mwisho wa safari. Wengi hushindwa kwa sababu tu hawakuijibu.

Hatua ya nne ni tangazo. Alama iliyokubaliwa huchapishwa katika Jarida la Miliki ya Viwanda. Kuanzia siku hiyo, yeyote mwenye sababu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Siku hizo zikipita kimya, ada ya mwisho hulipwa na cheti hutolewa.

Usajili hudumu miaka 10 na huhesabiwa kuanzia tarehe ya kuwasilisha ombi. Kwa hiyo siku ya kupeleka fomu ina uzito mkubwa. Baada ya hapo alama huweza kuhuishwa kila miaka 10, bila kikomo.

Ada zimo katika orodha rasmi ya KIPI, na malipo ya huduma za serikali kuu hupitia eCitizen. Hakuna afisa, wa kaunti au wa KIPI, anayepaswa kupokea ada hizo kwenye simu yake binafsi. Ofisi kuu za KIPI ziko barabara ya Popo, South C, Nairobi, lakini fomu na orodha ya ada zinapatikana katika tovuti yake.

Ni kosa kisheria kudai kuwa alama imesajiliwa ilhali haijasajiliwa. Herufi R ndani ya duara iwekwe kwenye kibandiko baada ya kupata cheti, si kabla.

Jina la kikundi na alama ya pamoja

Biashara nyingi za Taita Taveta si za mtu mmoja. Ni za vikundi vya kina mama, vijana na vyama vya ushirika. Hapa swali la kwanza ni nani atakayeandikwa kama mwenye alama. Mwenyekiti au katibu akijiandikisha kwa jina lake, alama ni yake, hata kama ada ilichangwa na wanachama ishirini. Siku ya kutofautiana, ataondoka nayo. Kikundi kijisajili kwanza kuwa chombo kinachotambuliwa na sheria, kisha alama iandikwe kwa jina la chombo hicho, na uamuzi uingizwe katika kumbukumbu za mkutano.

Sheria pia inaruhusu alama ya pamoja, ambayo humilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wake wanaofuata masharti waliyoyaweka. Kaunti hii ina mfano wake nyumbani. Wasusi wa vikapu vya Taita walisaidiwa na KIPI pamoja na Shirika la Dunia la Miliki Bunifu (WIPO) kujenga alama ya pamoja ya vikapu vyao. Sababu ni rahisi kuiona. Kikapu cha mkonge kilichosukwa kwa wiki kadhaa kinaweza kuigwa na mashine na kuuzwa ughaibuni kwa jina lilelile. Alama ya pamoja humwambia mnunuzi kuwa hiki kimetoka mikononi mwa msusi wa Taita. Nayo huwabana wasusi wenyewe, kwa kuwa atakayesuka vibaya huharibu jina la wote.

Majina yaliyokwenda mbali

Majina ya eneo hili na ya pwani yameshawahi kusafiri, na kila moja lina funzo lake.

Kito cha kijani kinachochimbwa katika ardhi ya Taita Taveta kinaitwa tsavorite. Jina hilo lilitokana na Tsavo, na likatangazwa duniani na kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York mwaka 1974. Leo ni jina la kawaida la kito, na yeyote duniani anaweza kulitumia kwa jiwe la aina hiyo, liwe limetoka Kenya, Tanzania au Madagascar. Mchimbaji wa hapa hawezi tena kulidai kuwa lake. Anachoweza kufanya ni kujenga jina lake mwenyewe juu ya jiwe hilo.

Kuhusu kikoi, miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili huko neno Kikoy. Iwapo lingesajiliwa, wauzaji wa vikoi kutoka Kenya wangeweza kuzuiwa kutumia jina la vazi lao wenyewe katika soko hilo. Shirika la Traidcraft liliwasaidia kuweka pingamizi, na ombi hilo halikufaulu. Waliokolewa na kile kipindi cha pingamizi, na na watu waliokuwa macho.

Hata M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, jina lake lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza. Mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ziliponunua chapa hiyo kwa ubia. Jina lililo midomoni mwa kila Mkenya lilikuwa na mwenyewe ng'ambo, na kulitumia kulikuwa na gharama.

Funzo jingine ni la mipaka. Cheti cha KIPI kina nguvu Kenya pekee. Mfanyabiashara anayevusha bidhaa kutoka Taveta kwenda Holili anaingia nchi nyingine yenye daftari lingine. Tanzania Bara usajili hufanywa na BRELA, na Zanzibar ina ofisi yake. Anayelenga soko hilo aombe huko pia, mapema.

Jina likiibwa

KIPI husajili, lakini haiendi sokoni kukamata. Bidhaa ghushi ni kazi ya Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi (ACA), chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila kipande cha bidhaa, au vyote viwili.

Mwenye alama akiona bidhaa yake imeigwa, asigombane na mchuuzi, ambaye mara nyingi hajui chochote. Anunue kipande kimoja, aombe risiti, apige picha ya duka na ya kibandiko, aandike tarehe, kisha apeleke malalamiko pamoja na nakala ya cheti chake. Bila cheti, malalamiko hayo hukosa mguu wa kusimamia.

Alama pia hufa kwa kutotumiwa. Isipotumika kwa miaka mitano mfululizo, mtu mwingine anaweza kuomba ifutwe. Kusajili jina na kulifungia kabatini hakusaidii.

Maswali ya kujipima

Je, mwenye leseni ya kaunti na cheti cha BRS anaweza kumshtaki mtu kwa kuingilia alama yake? La. Anahitaji usajili wa KIPI, la sivyo abebe mzigo wa kuthibitisha kuwa mwenzake anajipitisha.

Je, kikundi cha Kasigau kinaweza kusajili neno Kasigau pekee kwa vikapu? Ni vigumu, kwa kuwa ni jina la mahali. Kitafute jina la kipekee au kifikirie alama ya pamoja.

Je, ni lini wakati mzuri wa kuomba? Kabla ya chupa ya kwanza kupanda lori.

Kwa mama wa Maungu wa mfano wetu, kazi ya wiki hii ingekuwa ndogo: aweke risiti zake za miaka minne kwenye faili moja, aandikiane na kijana aliyemchorea nembo, ajaze fomu ya upekuzi, na aangalie kama Ndovu Mpole bado iko wazi katika daraja la 30. Ikiwa iko wazi, apeleke ombi kabla mteja wake wa jumla hajapata wazo hilohilo.